Wenye paka Dodoma, kucha mnakatia nini? Mkasi wa kushonea umeniumbua

Mhamiaji_Ilazo (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Najua kuna watakaocheka. Chekeni, mkimaliza nijibuni.

Nina paka jike wa rangi ya majivu. Tulimwokota Dar akiwa hata macho hajayafungua vizuri, tukahama naye kuja huku kazi zilipohamia. Kule alikuwa mtu wa kuruka ukuta, anarudi saa ya dagaa. Hapa Ilazo jirani ana mbwa wawili wasio na utani, kwa hiyo paka anashinda ndani kutwa kucha, na hizo kucha ndizo zimenileta jukwaani.

Makochi ameshayachana, hilo nimezoea. Sasa amehamia kwenye chandarua. Usiku akipanda kitandani ukucha unanasa kwenye nyavu, anavuta, analia, tunaamka wote, asubuhi tundu linanitazama. Siku moja kamkwaruza mtoto wa miaka mitatu shavuni, chini kidogo ya jicho. Mama watoto hakugomba. Alisema neno moja tu: "Chagua." Nikachagua kukata kucha.

Nikaanza na mkasi wa kushonea. Ule mkasi ni mrefu, ncha yake iko mbali na mkono wangu, paka akitikisika kidogo ncha inakwenda kwingine kabisa. Ukucha wa kwanza haukukatika, ulilala katikati ya visu viwili, ukapasuka kwa urefu kama kuni. Nikaacha.

Nikaenda mjini kwenye duka moja la dawa za mifugo, nikaomba kifaa cha kukatia kucha za paka. Nikapewa kitu kama plaizi, kina springi na kibati pembeni, elfu kumi na tano. Nafika nyumbani, picha kwenye boksi ni ya mbwa, tena dume la mbwa limekaa kama askari wa getini. Nikajisemea ukucha ni ukucha. Wa kwanza ukakatika, wa pili ukakatika, wa tatu damu. Ilichora maua kwenye marumaru kuanzia sebuleni mpaka chumbani, na mwenyewe akapanda juu ya kabati la nguo akalala huko mpaka kesho yake.

Baada ya wiki mbili nikarudia na plaizi ileile, safari hii nikigusa ncha tu kwa woga. Siku tatu kumaliza zote kumi na sita, nne kila mguu. Na bado chandarua kinanaswa! Hapo ndipo akili yangu imekomea.

Mtandaoni naona vya aina nyingi. Kuna chenye tundu, kuna vimkasi vidogo, kuna vimashine vya kuchaji. Nichukue kipi? Msinitajie bei za kutisha, tarehe zenyewe mnazijua.

Kijana_wa_Kibaigwa

Niko pale nimekaa nasubiri wataalamu wa kucha za paka 😂

Mkuu, huku kwetu paka akikatwa kucha panya wanachinja mbuzi. Ghalani tunao watano, hatujui hata majina yao. Kazi yao kupanda magunia ya mahindi mpaka kwenye kenchi usiku kucha. Ukimkata kucha huyo umemwachisha kazi.

Bibi_Chamwino

Mwanangu, sisi tulitumia wembe. Unamshika paka shingo, unakata ncha, basi. Mbona hawakufa.

Mhamiaji_Ilazo

Shikamoo bibi. Wembe kwa paka huyu nitakatwa mimi.

Bibi_Chamwino

Marahaba. Basi mpe mkeo akate.

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Nimeusoma uzi wote huku nikihesabu vidole. Bibi, shikamoo, nitarudi kwako baadaye.

Mleta mada, kabla ya kuzungumza kifaa, turudi darasa la kwanza. Umesema kucha kumi na sita, nne kila mguu. Paka wa kawaida ana 18. Miguu ya nyuma ni nne nne, sawa. Ya mbele ni tano tano. Huo wa tano umejificha juu kidogo, upande wa ndani, pale ambapo mkononi mwako pangekuwa dole gumba. Haugusi chini, kwa hiyo hausagiki kwa kutembea, unakua tu na kujikunja kama ndoana. Sukuma manyoya pembeni utauona. Umeziacha kucha mbili, mmoja kila mguu wa mbele, na nadhani hizo ndizo zinazovua chandarua chako kila usiku.

Usiichukulie kwa wepesi. Nimewahi kuletewa paka mzee anachechemea, wenyewe wanasema kakanyaga mwiba wa mgunga, maana huku miiba ndiyo mashitaka ya kwanza kwa kila kinachochechemea. Kumbe ukucha huo ulikuwa umezunguka duara zima ukarudi kuingia kwenye nyama ya kigodoro chake. Paka mzee kucha zake hunenepa, na hazivui lile ganda la nje kama alipokuwa kijana anayekwaruza miti.

Sasa kifaa. Kosa lako halikuwa kununua kitu kibaya. Hiyo plaizi ni nzuri sana, kwa mbwa. Ukucha wa mbwa ni mnene, unataka nguvu ya springi. Ukucha wa paka ni mwembamba, umebanwa pande mbili, umepinda kama mundu. Mdomo wa plaizi ni mpana kuliko kazi yenyewe, na hicho kibati kilichowekwa kumzuia mtu asikate kwa kina kinakuziba macho, huoni unakata wapi. Umekata gizani, ukafika kwenye nyama.

Chukua mtoto wake pembeni ya dirisha mchana, au muombe mtu amulike tochi ya simu nyuma ya ukucha. Paka wengi kucha zao ni nyeupe za kupenyeza mwanga, tofauti na mbwa wenye kucha nyeusi. Utaona ndani kuna kitu cha rangi ya waridi kimeishia katikati. Hapo pana mshipa wa damu na neva. Ndiyo maana alipanda kabatini, hakununa, aliumia. Baki mbali na pale kama milimita mbili. Unachokata ni ile ndoana ya mbele tu, iliyo nyeupe tupu.

Kwa kazi hiyo kinachofaa ni kile kimkasi kidogo ulichokiona. Kina visu vifupi, kila kimoja kina kibonde cha nusu mwezi, vikikutana ukucha unakaa katikati na hauchomoki. Mkono wako uko karibu na ncha, unaona kila kitu, na ukikosea unakosea kidogo.

Mhamiaji_Ilazo

Nimekaa kimya dakika tano. Nimefuga paka miaka saba sijui ana kucha ngapi.

Nimemshika sasa hivi. Ipo! Wa kushoto umepinda, na una kiuzi cha chandarua kimeviringana pale pale. Ushahidi huu hapa.

"Chukua mtoto wake" ulimaanisha nini lakini? Huyu hana mtoto.

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Vidole vyangu vinene, simu ndogo. "Chukua mguu wake."

Dada_wa_Kisasa

Mimi ninacho kile chenye tundu, nieleze maana watu huwa hawasemi kasoro zake.

Unaingiza ukucha kwenye pete, ukiminya mpini kisu kinapanda na kukata, kwishne. Miezi ya kwanza nilikisifia kila mahali, kinakata safi, sauti ni "tk" moja. Tatizo la kwanza, lazima ukucha upite kwenye pete. Paka akiwa ametulia sawa. Akianza kuvuta mguu, kulenga kitundu kile ni sawa na kutunga uzi kwenye sindano ukiwa ndani ya daladala. Na huo ukucha wa tano uliojikunja anaousema mzee hapo juu hauingii kabisa, mimi ule nilikuwa namalizia na kitu kingine.

Tatizo la pili, kisu. Kinaisha makali. Mimi sikujua kama kinabadilishwa, nikawa naminya kwa nguvu zaidi, paka naye akazidi kunichukia. Kumbe hakikati tena, kinaponda. Kipuri nilikikosa hapa mjini, nikatumiwa kutoka Dar kwenye basi, na nauli ya mzigo ikakaribia bei ya kisu chenyewe. Nikakifunga kinyume. Nikafungua, nikafunga tena. Sasa kipo kwenye droo.

Fundi_Cherehani_Majengo

Hapo kwenye makali ndipo niliposubiri.

Mimi si mtu wa paka. Nashona Majengo karibu na soko, ila mkasi ndio unaonilisha, acheni niseme. Mleta mada umeulaumu mkasi wa kushonea kwa urefu, sawa. Ila ukucha kulala katikati ya visu si urefu, ni mkasi kulegea riveti. Visu viwili vikiachana hata unene wa karatasi, kitu chembamba kigumu hakikatwi, kinapinda na kupita katikati. Huo mkasi wa mkeo mlete, nakaza bure. Na usimwambie ulikatia kucha za paka, ndoa ni kitu cha kulindwa.

Kabla hujanunua kimkasi chochote, kijaribu dukani. Beba uzi mfukoni (wa cherehani, si huu uzi wetu). Ukate kwa kila sehemu ya mdomo, hasa ndani ya kile kibonde. Ukikatika bila kuuvuta, nunua. Ukilala, rudisha. Halafu kishike kwenye mwanga ukiwa umekifunga, uangalie kama visu vinakutana vizuri mwanzo mpaka mwisho.

Jambo la pili, msimpe yule kijana wa baiskeli mwenye jiwe la kunolea. Ni rafiki yangu, namheshimu, visu vya jikoni ananoa vizuri sana. Ila jiwe lake ni bapa la kuzunguka, na kibonde cha nusu mwezi hakilali kwenye jiwe hilo. Atanoa kingo, kibonde kitabaki butu na mdomo hautakutana tena. Kikiisha makali kinunue kingine, au mtafute mtu mwenye tupa ndogo ya mviringo na subira.

Ukimaliza kukata, futa na spiriti, kausha, tone la mafuta ya cherehani kwenye riveti. Vumbi la Dodoma hili, hasa upepo wa Juni na Julai, linaingia kwenye kila kiungo. Mikasi yangu naifuta kila jioni.

Kijana_wa_Kibaigwa

Nimeingia kucheka nimeondoka na elimu ya mikasi.

Swali la kweli sasa. Nyumbani (si ghalani) dada yangu anatumia kile kikata kucha cha binadamu, cha buku, na paka wake hana shida. Kwa nini tununue vingine?

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Paka wake ni mdogo?

Kijana_wa_Kibaigwa

Ana miezi mitatu.

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Basi dada yako yuko sahihi. Kwa kitoto cha paka kikata kucha kidogo, kikali, kinatosha kabisa, ukucha wake ni kama unywele mnene. Kasoro inakuja akikua. Kile kifaa kimeundwa kwa ukucha bapa wa mtu. Ukucha wa paka mkubwa ni wa mviringo na umepinda, ukiuweka kwenye mdomo mnyoofu hauna pa kutulia, unateleza, na kikiwa butu unausikia ukipondwa. Ukucha uliopondwa hupasuka juu, halafu paka anautafuna wiki nzima. Kikali kitaenda, lakini uwe nacho cha paka peke yake, usichangie na watu.

Ila anachokifanya dada yako kuliko kifaa ni kuanza mapema. Paka aliyeshikwa vidole tangu utotoni hana habari na mkasi.

Bibi wa Chamwino, nilisema nitarudi. Wembe nakubali ulifanya kazi, na mikono ya wakati ule ilikuwa na utulivu. Ila wembe hauna mwisho. Mkasi ukishakutana umekutana, wembe paka akitikisika unaendelea na safari, kwenye kidole chake au chako. Na kumshika shingo, kitoto kitalegea, paka mkubwa anaona umeamua kupigana naye.

Bibi_Chamwino

Nimekusikia baba. Wembe nimeuacha. Ila paka wangu wa sasa ananisubiri aone huo mkasi, anaishi juu ya mti wa mwembe.

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Huyo usimguse bibi. Na ghalani Kibaigwa msiguse. Paka anayewinda, anayekimbizwa na mbwa, anayepanda miti, kucha ndiyo silaha na ndiyo ngazi yake, na zinajisaga zenyewe kwenye magome. Mkague tu akizeeka. Mkasi ni wa paka wa ndani kama huyu wa Ilazo, kila wiki mbili mpaka nne hivi, na nguvu ielekezwe miguu ya mbele. Ya nyuma mara nyingi huwa butu kidogo na haina mashitaka.

Ua_la_Zabibu

Hakuna aliyezungumzia mashine, ngoja nijitoe mhanga. Paka wangu ni wa manyoya marefu, wale wa sura bapa. Nilinunua kimashine cha kusaga kucha, kinachajiwa, kina jiwe dogo linalozunguka. Nilivutiwa kwa sababu hakikati, kwa hiyo nikasema damu haitatoka.

Kwanza mlio. Si mkubwa kwetu, ila kwa paka ni kama kinyozi ameingia na mashine sikioni. Pili kinatetemesha kidole kizima. Tatu, na hili ndilo lililonimaliza, manyoya ya katikati ya vidole yalizungushwa na jiwe yakavutwa. Sitasahau ile sauti aliyoitoa. Na ukiling'ang'aniza jiwe mahali pamoja linapata joto.

Nasikia wapo paka wanaozoeshwa kidogo kidogo, kwanza mashine imezimwa, halafu imewashwa mbali, na wanakubali. Kulainisha ncha baada ya kukata pia inafaa. Wangu akiona kile kiboksi tu anaingia chini ya kitanda. Anayekitaka aje Nkuhungu, nampa na chaji yake.

Mtumishi_Mtumba

Samahani kama ni swali la kijinga. Kwa nini asing'olewe kucha kabisa, mara moja, mambo yaishe? Nimesikia Marekani wanafanya.

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Si la kijinga, wengi huuliza. Wanavyoita kung'oa kucha si kung'oa kucha. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole, ili usiote tena lazima mfupa ule ukatwe. Ni kama wewe ukatwe vidole vyote kumi kwenye pingili ya mwisho. Anabaki anakanyagia makovu, na asiye na kucha mara nyingi hujifunza kuuma. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya wamekataza, na huko Marekani jimbo la New York lilipiga marufuku mwaka 2019. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na msingi wake ni kumwepusha mnyama na mateso yasiyo ya lazima. Kwa sababu ya kochi? Hapana.

Mtumishi_Mtumba

Nimefuta wazo.

Dada_wa_Kisasa

Kochi lina dawa yake na si mkasi. Hata ukimkata kucha leo, kesho atakwaruza, kwa sababu hakwaruzi kwa ubaya. Anavua lile ganda kuukuu la ukucha (mkiokota vijiganda kama miezi midogo chini ya kochi ndivyo hivyo), ananyoosha mgongo, na anaacha harufu yake.

Mtafutie gogo. Mimi nilichukua kipande cha mti kirefu kuliko paka akijinyoosha, nikakipigilia misumari kwenye ubao mzito usiyumbe, nikakizungushia kamba ya katani kuanzia chini mpaka juu. Liweke palepale anapochana, si stoo. Inachekesha kwamba hayo magogo yanauzwa mtandaoni kama kitu cha ughaibuni, bei ya mbuzi, wakati kamba yenyewe ni katani, na mkonge uko nchini kwetu tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893. Mafundi wengi hapa wanakuuzia kamba kwa mita.

Fundi_Cherehani_Majengo

Bei ya mbuzi wa Dodoma au mbuzi wa Dar?

Mhamiaji_Ilazo

Mrejesho wa kwanza.

Nimepata kimkasi. Si kwenye duka lile la kwanza, nilikipata kwa dada mmoja anayeuza vitu vya wanyama nyumbani kwake, elfu nane. Nilikwenda na uzi mfukoni kama fundi alivyoagiza. Cha kwanza kililaza uzi, cha pili kikakata. Yule dada aliniangalia kama ofisa wa viwango.

Usiku nikamsubiri ashibe. Saa tatu hivi, macho yanafumba yenyewe, nikamviringa na kanga ya mke wangu nikaacha mguu mmoja nje. Nikaminya kidole juu na chini, ukucha ukatoka wenyewe kama kisu cha kukunja. Tochi kwa nyuma. Wakuu, nimeiona ile nyama ya waridi! Miaka yote hii nilikuwa nakata bila kujua ndani kuna kitu.

Kata moja, "tk", hakuna damu. Wa pili. Wa tatu akafungua jicho moja. Wa nne akavuta mguu, nikamwachia kama nilivyosoma sehemu nyingine humu jukwaani, usishindane naye. Dagaa mmoja. Tukaishia hapo.

Swali, damu ikitoka tena nifanye nini? Mara ile nilimwagia maji nikazidisha.

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Maji hapana. Chukua pamba au kitambaa safi, bana ncha kwa dakika chache bila kufunua funua. Ipo poda maalumu ya kukausha damu, ukiipata iweke nyumbani. Ukiikosa, unga wa ngano mkavu au wanga, chovya ncha kwenye unga ukandamize. Damu ikigoma kukata, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Halafu mwache apumzike siku kadhaa, usirudi siku hiyohiyo kumalizia zilizobaki ili tu uone umemaliza.

Na kuhusu mtoto, hukusema mlimfanyaje. Mkwaruzo wa paka huoshwa palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, hata dakika 15. Kuna bakteria wanaoitwa Bartonella henselae, huwafikia paka kupitia viroboto na hubaki kwenye uchafu wa viroboto unaoganda kwenye kucha. Mtu akipata homa na mitoki siku au wiki chache baada ya kukwaruzwa, amwambie daktari kwamba alikwaruzwa, asinyamaze. Kwa hiyo viroboto nao wamalize, si kucha tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa anayo? Inahusu paka pia. Akikwaruza au kuuma mtu paka asiye na chanjo au asiyejulikana, ni hospitali siku hiyohiyo, msisubiri kidonda.

Mhamiaji_Ilazo

Mtoto tulimuosha, kovu dogo tu limebaki. Chanjo anayo ya Dar, nimeangalia kadi sasa hivi, imeisha mwezi wa tatu. Jumatatu nampeleka. Asante mzee wangu.

Ua_la_Zabibu

Hicho kimkasi cha elfu nane umesema kwa dada gani? Nije PM.

Kijana_wa_Kibaigwa

Na mimi nipe. Dada kasoma uzi, kanitumia ujumbe eti kikata kucha cha buku kimeanza kuteleza. Paka anakua.

Mhamiaji_Ilazo

Nimewatumia wote.

Mhamiaji_Ilazo

Mrejesho wa pili, siku ya tano.

Mbele nimemaliza karibu zote. Nakata mbili au tatu kwa usiku, akivuta mguu naacha, dagaa, basi. Ule wa tano wa kushoto, wa ndoana, niliukata jana kwa mikono inayotetemeka. Ulikuwa umezunguka kiasi kwamba ningekuwa na kile cha tundu nisingeuingiza kamwe, Dada wa Kisasa alisema kweli. Kimkasi nilikipitisha kwa pembeni, nikakata kipande kidogo, nikaangalia, nikakata kingine. Ndani yake kulikuwa na nyuzi za chandarua za kutosha fundi kushonea kifungo.

Mama watoto amekagua shavu la mtoto, amekagua chandarua, hajasema kitu. Kwa wanaomjua, hiyo ni hati safi.

Fundi_Cherehani_Majengo

Mkasi wake umeleta? Nasubiri tangu Jumanne.

Mhamiaji_Ilazo

Nauleta kesho, nimesema umelegea wenyewe.

Bibi_Chamwino

Umefika ngapi baba?

Mhamiaji_Ilazo

Za nyuma nane niliziangalia, ni butu, nimeziacha kama mzee alivyosema. Za mbele tisa. Umebaki mmoja, bibi, ule wa tano wa kulia. Kanga ninayo, dagaa ninao, tochi imewaka. Mwenyewe yuko juu ya kabati, ananiangalia tangu saa mbili.